Nani Alishika Kamera?

Sisi wa Goma tunapenda filamu za Nigeria zenye uchawi. Zamani tulijazana katika nyumba za video, leo tunaziangalia kwenye simu. Tuchukue End of the Wicked ya 1999: jamaa moja inaharibika, na wenye kuiharibu ni mama mzaa bwana pamoja na watoto wanaotoka usiku kula nyama za watu. Watazamaji wanapiga makelele: « Ule mtoto ni mulozi! Bamufukuze! » Hatuwalaumu. Kamera imewaonyesha ule usiku wote.

Lakini nyumbani, nani ana kamera ile? Baba amekosa kazi. Mtoto wa marehemu ndugu yake anakojoa kitandani, anaota vibaya, ni mkaidi kidogo. Tunachoona ni njaa na mtoto, basi. Ule usiku tunauongeza sisi wenyewe. Tena mara nyingi anayeshtakiwa ni yatima asiye na wa kumsemea (mtoto wa tajiri, haba sana!).

Wengine wanasema ni desturi. Wazee wetu waliogopa uchawi, ni kweli, ila mashtaka yaliwaangukia zaidi watu wakubwa. Kuwashtaki watoto kulienea Kongo miaka ya 1990, wakati wa vita na umaskini, zaidi kule Kinshasa. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza jambo hilo, na sheria ya watoto ya 2009 inaliwekea kifungo.

Wanafunzi wakituuliza kama ile filamu ni ya kweli, tunawauliza kwanza: nani alishika kamera?