Maji Tohara na Maji Salama

Ndugu zetu waijua vyema milango ya tohara. Muulize hata mtoto wa chuoni, atakwambia kwamba maji yaliyogeuka kwa udongo bado yafaa kutawadhia katika madhehebu yetu ya Shafi. Hukumu hiyo ni sahihi. Lakini wako waitoao mahali pake, wakadhani kwamba maji yafaayo kwa udhu hayana tena la kulaumiwa.

Na wautazame Mto Gucha katika milima ya Kisii. Huko pande za Kenyenya miteremko hulimwa mpaka ukingoni, kwani ardhi ni haba na watu ni wengi. Udhuru huo ni wa kweli, wala haitupasi sisi watu wa mijini kuudharau. Mvua ikinyesha, udongo huporomokea mtoni. Tohara ya maji haikuondoka, lakini samaki hatawadhi. Yeye huvuta pumzi humo humo. Tope humziba matamvua, hufunika mawe wakaapo wadudu awalao, na huyazika mayai yake. Maji ya kuoshea buni yana shari zaidi: yakimwagwa mtoni huoza, na kuoza huko huimaliza hewa iliyomo majini, samaki akafa pasi na sumu.

Mto huo, ambao Wajaluo wauita Kuja, huungana na Migori ukaingia Ziwa Victoria. Ningu, samaki wa ziwa hilo na mito yake, huipanda mito wakati wa mvua ili atage. Tangu miaka ya 1950 amepungua mno. Na tuseme haki: wavuvi wa chini ndio waliotega nyavu midomoni mwa mito, wakamnasa kabla hajataga.

Mtu atauliza: sisi wa pwani yatuhusuje? Jawabu: Mto Sabaki nao huleta udongo wa bara, bahari ya Malindi ikageuka rangi. Mtume alipokataza kujisaidia penye maji wanayoyaendea watu, makusudio yalikuwa kuwaondolea wengine madhara. Kanuni za serikali za mwaka 2006 zilikataza kulima karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kwa kadiri ya mto wenyewe. Kuzitii kanuni za namna hiyo ni wajibu, kwa kuwa zina maslaha. Na mwenye nyumba aliyeelekeza bomba la choo chake ufukoni, asijitetee kwamba bahari hainajisiki.