Je, Spana Inaweza Kusema Uongo?

Tumezoea kufikiri kwamba uongo hutoka kinywani. Nami nilifikiri hivyo hadi likizo ndefu iliyopita, nilipokuwa nikimsaidia mjomba katika gereji yake mjini Busia, upande wa Kenya.

Mwalimu mmoja mstaafu alituletea Volkswagen Beetle ya zamani, ndugu wa ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962, mashindano yalipokuwa bado yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Alikuwa amempata mnunuzi wa Tororo. Tatizo lilikuwa breki ya mkono: unaivuta hadi juu kabisa na gari bado linasukumika. "Kijana, nikazie nyaya tu," aliniambia, "mkono usipande sana." Mjomba hakuwepo.

Breki hiyo hutumia nyaya mbili, kila waya ukienda kwenye gurudumu moja la nyuma. Kazi huanzia magurudumuni. Unainua gari kwa jeki, unaingiza bisibisi kwenye tundu na kuzungusha vigurudumu vidogo vya meno hadi shuu za breki zibane dramu, kisha unarudisha meno machache ili gurudumu lizunguke huru. Ndipo unaingia ndani ya gari kukaza nati za nyaya, ukihakikisha magurudumu yote mawili yanashika sawa. Mimi nilianzia mwisho. Nilikaza nati kwa dakika kumi, na mkono ukashika baada ya milio mitatu. Shuu sikuzigusa wala sikuziona.

Mnunuzi alikuja, akavuta mkono, akatabasamu. Hakuuliza kitu. Nami sikusema kitu.

Katika mihadhara yake ya maadili, Kant alitoa mfano wa mtu anayefungasha mizigo ili watu wadhani anasafiri. Kwake huo si uongo, kwa sababu mtu huyo hakuahidi kumfunulia yeyote nia yake. Nilijaribu kujificha nyuma ya mizigo hiyo, nikashindwa. Mizigo ya mtu ni shauri lake. Lakini mkono wa breki umewekwa pale ili umpe dereva habari: ukishika mapema, shuu ziko karibu na dramu; ukipanda sana, kuna kilicholika. Nilikuwa nimeufundisha mkono ule kutoa habari isiyo kweli, nao ukaitoa kwa niaba yangu.

Mwenzangu wa chumbani hakubaliani nami. "Lakini breki ilishika!" anasema, na ni kweli, siku ile ilishika. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kila nilichokifanya kilikuwa sahihi kwa siku moja tu, na gari lilinunuliwa kwa miaka. Tena aliyeweza kugongwa mteremkoni hakuwa mwalimu wala mimi, wala hata mnunuzi. Angekuwa mtoto wa mtu ambaye hakuwepo kwenye biashara ile.

Mjomba aliporudi aliuliza swali moja: "Ulifungua magurudumu?" Hakupandisha sauti. Kesho yake nilivuka mpaka kwa miguu, mfuko wa spana begani, nikapanda taksi hadi Tororo (wenzetu wa Uganda huita taksi kile tunachokiita matatu).

Nilikuta Beetle imeegeshwa mteremkoni, Mwamba wa Tororo ukiwa nyuma yake, na jiwe kubwa chini ya gurudumu. "Ni mazoea tu, mwanangu," mzee alisema. "Breki yenyewe ni nzuri."

Nilimweleza kila kitu. Tulifungua dramu, tukakuta shuu zimelika karibu kufika kwenye chuma. Alizitazama kwa muda, akazigeuzageuza mkononi.

"Na mwalimu alijua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mwalimu hakuwa ameniambia uongo wowote; aliniomba nikaze nyaya tu.