Fundi Aliyefanyiwa Kila Kitu

Alikuwa fundi cherehani wa Tandika, Dar es Salaam, hodari wa suti na kanzu. Zahanati walimpima presha wakamkuta na 180 kwa 110, wakamwandikia vidonge vya kumeza kila siku. Alimeza mwezi mmoja. Kichwa kilipoacha kumgonga alisema amepona, na pesa ya vidonge ikahamia kwenye vitambaa. Nyumbani hakuna aliyemgombeza, maana ndivyo tulivyozoea wengi wetu: dawa ni ya anayeumwa, na asiyeumwa anameza nini? Presha haiumi. Inaiharibu mishipa ya damu taratibu huku mwenyewe anacheka na wateja.

Asubuhi moja akikata kitambaa, mkasi ukamdondoka. Akainama kuuokota, vidole vya mkono wa kulia vikakataa. Mwanafunzi wake akauliza, "Fundi, vipi?" Kilichomtoka kinywani hakikuwa neno. Mdomo ulikuwa umeenda upande.

Uso, mkono, usemi: dalili zote tatu za kiharusi zilikuwa wazi, tena mchana kweupe. Kaka yake alipofika akasema huyu kapigwa na upepo mbaya, akichomwa sindano tu anakufa. Akaitwa mganga. Fundi akafukizwa, akasomewa, akapakwa mafuta, na alipofikishwa hospitali jua lilikuwa limeshazama. Simlaumu kaka huyu peke yake. Watafiti waliozungumza na watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, miaka ya 2000, waliwakuta watu wa mjini ndio waliohusisha sana kiharusi na mapepo na uchawi, wakati wale wa Hai walitaja zaidi presha, mafuta na mawazo.

Wataalamu wanakadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kila dakika hufa seli milioni 1.9 za ubongo. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ipo, ila hutolewa ndani ya saa 4 na nusu za mwanzo, tena baada ya CT-scan kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa asipewe aspirini nyumbani. Kama damu inavuja, itazidi kuvuja. Ni kweli hospitali zetu nyingi hazina mashine hiyo wala dawa hiyo. Hata hivyo, anayewahi huangaliwa presha, sukari na namna anavyomeza, na hayo peke yake huokoa maisha. Kisomo kingeweza kufanyika hata wodini.

Lakini kinachonikera zaidi katika kisa hiki ni yale yaliyofuata nyumbani, kwa sababu yalifanywa kwa mapenzi matupu.

Fundi alirudi akiwa hai, upande wa kulia umelegea, maneno yamebaki mawili matatu. Mke na dada zake wakamfanyia kila kitu. Walimlisha, walimwogesha, walimvalisha. Mkono wa kushoto, uliokuwa mzima kabisa, ukakaa mapajani bila kazi. Wakitaka kumwinua walimvuta kwa ule uliolegea, mpaka bega likatoka mahali pake, na tangu hapo akawa anaogopa kuguswa. Chai alinyweshwa amelala. Akipaliwa, wakasema ni kikohozi tu, kumbe inaingia mapafuni. Wageni walikaa kando ya kitanda wakisema, "Masikini, fundi ndiyo basi tena," na yeye anasikia kila neno. Kiharusi kilikuwa kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, kikamnyang'anya njia ya kutoa maneno, lakini akili alikuwa nayo. Alilia. Wakanong'onezana kwamba hata akili imeondoka.

Miezi ilikatika hivyo, na miezi ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hujirekebisha kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Sehemu zilizosalia hujifunza kazi ya zile zilizokufa, ila hujifunza kwa kurudia tu: tendo lilelile, mara nyingi, kila siku. Asiyeachiwa kitu cha kufanya hana cha kurudia.

Hatimaye akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimkuta mke ameshika bakuli la uji.

"Mama, mpe kijiko mwenyewe."

"Atamwaga, daktari."

"Mwache amwage."

Akamkalisha wima kitini, akauegemeza mkono uliolegea juu ya meza ili bega lisining'inie, akamfungia fundi vidole vya kushoto kwenye kijiko. Uji ulimwagikia shati, meza, hata sakafu. Vijiko vichache vilifika mdomoni. Mke alikuwa akifuta machozi, na mtaalamu akamzuia asimsaidie.

Kazi zilizofuata zilikuwa za dukani kwake: kubana vibanio, kukunja mabaki ya vitambaa, kufunga vifungo vya shati. Zipo wiki ambazo hakikuongezeka kitu. Zipo siku aliugeukia ukuta akakataa kila kitu. Takriban mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona, nayo inatibika, si ukaidi wala kudeka.

Leo anatembea kwa mkongojo. Mkono wa kulia unakandamiza kitambaa, wa kushoto unakata, kwa mkasi wa mashoto aliotafutiwa Kariakoo. Suti anashona mwanafunzi. Majina ya rangi bado yanamkwama. Vidonge anameza kila siku, na pesa ya vidonge hutengwa kabla ya pesa ya vitambaa.

Majuzi alimlazimisha kaka yake kupima: 170 kwa 100. Kaka akasema, "Mbona mimi najisikia vizuri tu?" Fundi akahangaika na ulimi, kisha akamjibu, "Hata mimi." Kaka ameanza vidonge. Vya mwezi wa kwanza vimekwisha, na mke wa fundi ndiye anayempigia simu kuuliza kama amenunua vya mwezi wa pili.