Je, tuna deni kwa mtu aliyetufurahisha?



Siku moja ya Yenga, ibada ilipokwisha, vijana wawili wa fanfare yetu walibaki mlangoni mwa kanisa wakigombana juu ya mpira. Mmoja anapiga trompeti, mwingine anapiga ngoma kubwa. Wa trompeti alisema kwamba katika inchi yetu hajazaliwa mchezaji wa kumpita Ndaye Mulamba. Wa ngoma akajibu kwamba hizo ni hadithi za wazee, mkubwa ni Trésor Mputu wa TP Mazembe. Maneno yakazidi, matusi yakaingia, na katika mazoezi ya juma lile mmoja alikataa kuketi karibu na mwenzake. Habari ilipotufikia, wengine kati yetu walicheka. Lakini tulipoifikiri tena tuliona ndani yake ulizo ambalo mwamini hawezi kuliruka.

Tuwape haki yao, kila mmoja alikuwa na sababu. Mputu alichaguliwa mwaka 2009 kuwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika, na mwaka uleule Mazembe ilitwaa kombe la mabingwa wa bara letu. Mwaka 2010 alifungiwa miezi mingi kwa sababu ya fujo juu ya mwamuzi huko Kigali, na mwezi wa Desemba ndugu zake wakafika fainali ya klabu za dunia huko Abu Dhabi, yeye akiwa nje. Wa trompeti aliona hapo kosa lisilofutika. Wa ngoma akamrudishia kwamba kombe la Ndaye lilikuwa na inchi 8 tu, na leo ziko 24. Hesabu zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja iliyomaliza ugomvi.

Sasa tumtazame huyo Ndaye, maana vijana wengi wanajua jina tu. Mwezi wa Machi 1974, huko Misri, alifunga magoli 9 katika shindano moja la Kombe la Afrika, na mpaka leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo. Alifunga mawili katika nusu fainali juu ya wenyeji Misri, mawili katika fainali na Zambia iliyokwisha 2-2, na tena mawili mechi iliporudiwa, Zaïre ikashinda 2-0. Inchi nzima iliimba. Rais Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari.

Kisha mwezi wa Juni wakaenda Ujerumani, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Scotland iliwafunga 2-0. Tarehe 18 Yugoslavia ikawafunga 9-0. Ona ginsi hesabu ilivyogeuka: tisa yetu ya Machi, tisa yao ya Juni. Katika mechi hiyo mchezaji mmoja wetu alimpiga mwamuzi teke, na mwamuzi akamfukuza Ndaye. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga, naye mwenyewe alikubali. Lakini mwamuzi alikuwa amekwisha kukata neno, na Ndaye akatoka kiwanjani kwa dhambi ya mwenzake.

Ni Mwepu huyohuyo ambaye, katika mechi na Brazil, alitoka mbio kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajaupiga wao. Dunia ilicheka, na bado inacheka. Wakasema: tazameni Waafrika, hawajui hata sheria. Baadaye Mwepu alieleza kwamba sheria alizijua vizuri, alifanya vile kwa makusudi, kwa hasira, maana wachezaji walikuwa hawajapata feza zao. Si lazima kupokea kila neno lake. Lakini ni wangapi waliocheka ambao walimuuliza kwanza? Alikufa mwaka 2015, na kwa watu wengi maisha yake yote ni lile teke moja.

Turudi kwa Ndaye. Mwaka 1994 wakubwa wa mpira wa Afrika walimwita Tunisia kumpa heshima. Aliporudi kwetu, wezi wenye silaha walimpiga risasi mguuni, wakifikiri kwamba mtu wa sifa namna ile lazima ana mali. Vita ilipofika mwaka 1996 mtoto wake mkubwa aliuawa, naye akakimbilia Afrika ya Kusini bila kitu. Jamaa moja ya mtaa wa maskini huko Cape Town ilimpokea nyumbani. Imeandikwa pia kwamba miaka ile pombe ilimshika, na hatuwezi kuficha jambo hilo kwa sababu tunamsifu. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa kumlilia, kwa maana habari ilisema kwamba amekufa katika machimbo ya almasi huko Angola. Naye alikuwa hai, hana kazi, huko Cape Town. Alikufa kweli tarehe 26 Januari 2019.

Hapo ndipo ulizo letu linapoanza. Wanaobishana juu ya nani mkubwa wanapima kitu kimoja tu, ni kiasi gani mtu huyu alitupa sisi. Magoli, makombe, furaha. Upande wa pili wa kitabu cha hesabu hakuna anayeufungua. Je, sisi tulimpa nini?

Mtu atasema: Ndaye alicheza kwa sababu alipenda kucheza, tena alipewa gari, mimi sikumtuma, deni linatoka wapi? Neno hilo lina nguvu, na kwa hakimu wa mji lingeshinda. Lakini mkumbuke wale wenye ukoma kumi ambao Bwana aliwaponya. Hakuna aliyeandika nao mapatano. Hata hivyo mmoja tu aliporudi kushukuru, Bwana aliuliza wale tisa wako wapi. Ndiyo, tisa tena.

Hatulinganishi mchezaji na Nabii, Mungu atuepushe. Lakini tunajifunza kwa wazee wetu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na mwezi wa Septemba alikuwa amekwisha kufungwa. Kisha miaka 30 gerezani, mpaka alipolala huko Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Mwenye kupima kwa wingi wa siku za kazi angesema ni mambo ya miezi michache. Wazee hawakupima hivyo, wala hawakungoja 1951 kusudi wamheshimu. Mama Muilu Marie alishika kazi kwa siri, na jamaa nyingi zilihamishwa mbali na kwao kwa sababu zilikataa kumkana akiwa hai.

Na sisi wa Bunia tunajua kumlilia mtu aliye hai. Mwaka 2003 wako waliokaa kilio, kisha mtu wao akaonekana njiani akitoka Beni au Uganda, amekonda, miguu imevimba. Siku ile hakuna aliyemwuliza mambo yake ya zamani. Walitia maji motoni, wakampikia.

Mtu wa Bunia angeweza kufanya nini kwa mtu wa Cape Town? Kidogo sana, tunakubali. Kwa hiyo tuliwaita wale vijana wawili na hatukuwauliza habari za Ndaye wala Mputu. Tuliwauliza: ni nani aliyewafundisha muziki? Wakamtaja mzee mmoja, wote wawili yule yule. Tukauliza: mlimwona lini? Wakanyamaza. Mzee huyo ni mgonjwa, analala kwa binti yake upande wa Mudzi Pela, na tuseme kweli, sisi wa halmashauri pia hatukuwa tumefika kwake tangu mvua zilipoanza.

Tulikwenda pamoja siku ya Posho, na unga kidogo na sabuni. Aliwatazama wale vijana kwa muda, kisha akamwuliza wa trompeti kama chombo kile cha zamani bado kinavuja hewa pale kwenye kifungo cha kati. Bado kinavuja. Akamwambia mwenye ngoma atafute kipande cha ngozi laini, akamwonyesha kwa vidole ukubwa wake.