Adabu za Kutazama: Nasaha za Ziara ya Wanafunzi katika Jumba la Sanaa

Ziara ya wanafunzi katika jumba la sanaa huanzia shuleni, siku kadhaa kabla ya basi kuondoka. Mwalimu mwema hutangulia kwenda peke yake, akapita vyumbani, akaonana na mwongozaji, wakapatana kazi zitakazotazamwa na sababu ya kuzichagua. Akirudi darasani huwaambia wanafunzi waendako, muda watakaokaa na wanachoruhusiwa kubeba. Maana ya michoro hawaelezi, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kusimuliwa picha nzima hufika akiwa ameshiba.

Suala la nauli na kiingilio lataka stara. Asiyelipa asitajwe jina mbele ya wenzake, wala asiachwe darasani akichungulia basi likitoka. Mzazi asiyekuwa nacho aitwe faraghani, na shule itafute njia. Wanaobaki nyuma kwa kukosa nauli mara nyingi ndio wale ambao ziara ingewafaa zaidi, na hilo limepimwa. Jumba la Crystal Bridges lilifunguliwa mwaka 2011 katika mji wa Bentonville, jimbo la Arkansas nchini Marekani. Shule zilizoomba ziara zilikuwa nyingi kuliko nafasi, ikapigwa kura nani aanze. Watafiti wakawalinganisha waliotangulia na waliosubiri, jumla yao karibu wanafunzi 11,000 wa shule 123. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliozuru waliichambua picha wasiyoijua kwa makini zaidi, na waliopata faida kubwa zaidi walikuwa watoto wa vijijini na wa shule maskini. Jumba lenyewe liligharamia ziara, pamoja na usafiri na chakula cha mchana.

Mlangoni, wanafunzi wamwamkie mlinzi kama wanavyomwamkia mzee yeyote. Wagawanywe vikundi vidogo, kila kikundi na mtu mzima wake, kwa sababu watoto hamsini mbele ya picha moja ni umati, na wa nyuma huambulia visogo. Kisha wasomewe masharti, kila sharti na sababu yake. Kidole kinachoonekana safi kina jasho na mafuta, na mafuta hayo huacha alama juu ya shaba, mbao na rangi. Mkoba wa mgongoni hauna macho. Anayegeuka nao hugonga asichokiona. Penseli huruhusiwa na kalamu ya wino huzuiwa, kwa kuwa wino ukidondoka hautoki. Makombo ya mandazi huita wadudu, na mdudu akimaliza mandazi huhamia kwenye mbao na nguo. Rangi ya maji hufifia kwa mwanga, na iliyofifia hairudi. Katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi huwekwa picha za rangi ya maji ambazo Joy Adamson alizichora kwa kuagizwa na serikali ya kikoloni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwaonyesha watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao. Mtoto aliyeelezwa habari ya mwanga huelewa kwa nini chumba chenye picha kama hizo hakiwashwi taa kali.

Mkono nao una haki yake. Mwongozaji mwenye busara hubeba kitu cha kushikwa, mfano kipande cha mpingo kisichochongwa. Kikipita mikononi, kila mtoto hushtuka kwa uzito wake. Ni mti ambao kiini chake huzama majini. Ataona ukingo mweupe wa nje na weusi wa ndani, na atakapofika mbele ya kinyago cha Kimakonde nyuma ya kioo atajua mchongaji alishindana na nini. Hamu ya kugusa ikishatulizwa, makatazo hayana haja ya kurudiwa.

Mwongozaji asikusudie kuonyesha kila kitu. Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa katibu wa jumba la sanaa la Boston, aliandika mwaka 1916 juu ya uchovu wa makumbusho, akaambatanisha picha za mtu anayeinama, anayechuchumaa na kupinda shingo ili avione vitu vilivyopangwa vibaya. Mtoto ni mfupi kuliko mtu huyo na huchoka upesi zaidi. Katika ziara za Crystal Bridges, saa nzima ilitumika kwa takriban michoro mitano. Idadi hiyo yatosha. Watoto waketi sakafuni, wafupi mbele. Mwongozaji asimame kando ya kazi, asiikinge kwa mwili wake. Kwanza awaache watazame kimya. Kisha aulize.

Namna ya kuuliza ina adabu yake. Philip Yenawine, aliyesimamia elimu katika jumba la sanaa ya kisasa la New York, pamoja na mwanasaikolojia Abigail Housen, walikuza mtindo wa maswali matatu: kuna nini kinachoendelea katika picha hii, umeona nini hata ukasema hivyo, nini kingine tunaweza kukiona. Swali la pili ndilo lenye uzito, kwani humtaka msemaji arudi kwenye picha, si kwenye dhana zake. Baada ya kuuliza, mwongozaji anyamaze. Kimya cha watoto wanaofikiri humtia mtu mzima wasiwasi, naye hukimbilia kujijibu. Asifanye hivyo. Jibu la mtoto alipokee, alirudie kwa maneno mazuri zaidi, na aonyeshe kwa kidole mahali palipotajwa. Mtoto akikosea jambo la hakika, arekebishwe kwa upole pale pale, kwa maana heshima haimaanishi kumwacha mtu na uongo.

Jumba la sanaa si chumba cha mtihani, kwa hiyo ukimya si kipimo cha nidhamu. Wanafunzi wazungumze kwa sauti ya wastani, mmoja akisema wengine wasikilize. Wanalokatazwa kabisa ni dharau. Mzee aliyechorwa na masikio yaliyotobolewa, au mwanamke aliyevaa ngozi na shanga, huenda ni wa ukoo wa mwanafunzi aliyesimama pale pale, na kicheko kimoja humfanya aone haya kwa watu wake. Vigango vya Wagiriama vyataka uangalifu zaidi. Ni nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki, za chama cha Gohu, nazo husimikwa ziachwe mahali pake. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirudishwa Kenya kutoka Marekani mwaka 2007, na mwaka 2014 jumba moja la Denver liliamua kurudisha 30. Mwongozaji akionyesha kigango na kusifu nakshi tu, akanyamaza juu ya marehemu na juu ya wizi, amewanyima watoto jambo kubwa.

Mwalimu anayesindikiza asiwe mgeni wa simu yake. Asiwajibie wanafunzi, asiwakemee mbele ya watu, na asiwalazimishe kunakili maelezo ya ukutani. Desturi hiyo imeharibu ziara nyingi: watoto huinamisha vichwa madaftarini, wakaandika mwaka na jina la mtu, na picha yenyewe ikabaki bila mtazamaji. Penseli ichore. Dakika kumi za mwisho kila mtoto aachwe arudi peke yake kwenye kazi iliyomvutia, hata kama haikuwa katika mpango.

Shuleni, siku ya pili, wanafunzi wachore kwa kumbukumbu, kisha walinganishe nani amesahau nini. Maswali ambayo hayakupata jibu yaandikwe katika barua ya shukrani kwa jumba, pamoja na michoro michache, na mwongozaji ayajibu kwa maandishi.