Usiandike Ghorofa Pamoja na Misumari

Wanangu mnaosimamia ujenzi hapa Nakawa, juzi mmoja wenu alinionyesha daftari lake kando ya soko. Ukurasa mmoja: misumari kilo mbili, mpigie mwenye lori la mchanga, ghorofa ya pili, lipa vibarua. Vyote vimekatwa isipokuwa ghorofa ya pili. Nikafunua nyuma, ilikuwa ikihamishwa ukurasa hadi ukurasa kwa wiki tatu.

Hakuna anayeamka asubuhi akajenga ghorofa. Anaamka akafunga nondo, akapiga mbao, akamwaga zege. Ukichanganya mpango na kazi za leo, mkono hukimbilia zile nyepesi, na jioni unafurahia mistari uliyokata huku jengo liko palepale.

Mimi kosa hilo nimelilipia. Nilisimamia nyumba upande wa Naguru nikiwa na daftari moja tu. Tukamwaga zege la sakafu ya juu Ijumaa, nikalikata: limekwisha. Jumamosi ikajaa mambo ya malipo, na kumwagilia maji hakukuandikwa popote. Jua la Januari likalipiga. Jumatatu nikakuta nyufa nyembamba kama unywele zimetambaa kutoka pembeni, nikainama kuzifuata kwa kidole, nikanyamaza. Tulivunja kipande kizima.

Zege hutaka unyevu siku 7 angalau, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Siku 28 ni za daftari la mpango: ndizo zinazokwambia lini uagize mbao za paa, na mvua za Machi zitakukuta wapi. Lakini "mwagilia asubuhi, mwagilia jioni" ni ya karatasi ya leo, na iandikwe siku zote 7.

Wala msiukumbatie mpango peke yake. Mwaka 2011 zile nyumba za zamani za Nakawa na Naguru zilibomolewa, familia zikahamishwa, kupisha mji mpya wa nyumba 5,000. Nimepita pale miaka mingi nikiona nyasi. Roho inaniuma kila mara.

Kabla hujaandika neno kwenye karatasi ya leo, jiulize nani ataianza kazi hiyo, kwa kifaa gani, na kama itakwisha kabla ya magharibi. Ukikosa jibu, irudishe kwenye mpango ukaivunjevunje. Mpango wenyewe ufungue Jumamosi, vibarua wakishalipwa, ukiwa umetulia.

Kesho njooni na madaftari mawili: kubwa la mpango, dogo la mfukoni kwa karatasi za leo. Tutaanza na nguzo ya kona: nani anafunga nondo zake.