Simu Inapojaza Pengo, Je, Inadanganya?

Mtu akinyamaza katikati ya mazungumzo kwenye simu ya ofisini inayopitia intaneti, simu yake nayo inaweza kuacha kutuma sauti. Aliye upande wa pili, hata hivyo, huendelea kusikia mvumo mwembamba, kama wa chumba chenye watu waliotulia. Mvumo huo unatungwa na simu iliyo sikioni mwake mwenyewe.

Wahandisi waliuweka kwa makusudi, maana ukimya mtupu humfanya msikilizaji adhani laini imekatika, aanze kuita “Haloo? Haloo?” Utaratibu wake kwa simu za intaneti uliandikwa mwaka 2002: simu inayotuma hueleza tu ukubwa na namna ya kelele za chumba chake, na ile inayopokea hutengeneza kelele inayofanana nazo. Hapo linazuka swali lililowashughulisha wanafalsafa na viongozi wa dini tangu kale: anayesikizishwa kisichokuwapo, je, amedanganywa?

Swali huwa zito zaidi pale sauti ya mtu inapoguswa. Tutazame kwanza safari ya sauti hiyo. Katika simu za intaneti, kazi ya itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo SIP ni kuita, kupokea na kukata simu. Sauti yenyewe hubebwa na itifaki nyingine, RTP. Kwa kanuni ya G.711, inayotumika katika ofisi nyingi, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kisha hugawanywa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20. Kila sekunde paketi 50 zenye vipande hivyo huondoka, zikigombania njia na barua pepe na video za ofisi nzima.

Nyingine hupotea. Itifaki ya TCP ingedai zitumwe tena, lakini silabi iliyochelewa haina kazi: ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika ili mazungumzo yaende vizuri. Kwa hiyo RTP hupita juu ya itifaki ya UDP, isiyorudi nyuma kutafuta kilichopotea. Mtafiti Danny Cohen na wenzake walikutana na jambo hili huko Marekani walipojaribu kupitisha mazungumzo kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaka 1974. Kwa sauti, kuwahi kuna thamani kuliko kukamilika.

Pengo linalobaki, simu hulijaza. Njia iliyoambatanishwa na G.711 mwaka 1999 huchukua wimbi la sauti lililotangulia na kulirudia, huku ikilififisha kidogo kidogo. Pengo likifika milisekunde 60, simu hunyamaza.

Turudi kwenye swali la udanganyifu. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo. Kwake, uongo hukaa katika nia: mtu ana jambo moja moyoni, anatamka jingine ili apotoshe. Kwa mizani hiyo mvumo hauna hatia, kwani aliyeuweka alitaka msikilizaji ajue kwamba mwenzake bado yupo.

Lakini nia njema haimalizi shauri. Mtandao ukikatika wakati msemaji amenyamaza, mvumo waweza kuendelea kwa muda, ukimshuhudia mtu ambaye hayupo tena. Kwa upande wa kujaza pengo la sauti, kinachoitetea simu ni kikomo chake. Milisekunde 60 hazitoshi kuzua neno ambalo msemaji hakulisema.

Kikomo hicho sasa kinasogezwa. Mwaka 2020 Google ilieleza WaveNetEQ, mfumo wa akili mnemba uliofunzwa kwa sauti za watu zaidi ya 100, ili kwenye Duo, programu yake ya kupiga simu wakati huo, ukisie mwendelezo wa usemi na kumalizia silabi iliyokatika. Nao uliwekewa mpaka: pengo likifika milisekunde 120, unyamaze.

Mpaka wa namna hii unapaswa kulindwa hata siku mashine itakapoweza kukisia sentensi nzima, kwa sababu ahadi, agizo na ushahidi ni mali ya aliyevitamka. Na anayepokea kwa simu kiasi cha fedha, kipimo cha dawa au namba ya akaunti, arudie alichosikia kwa sauti, asubiri mwenzake athibitishe, ndipo aandike.